Sori: Wavu wa mlezi ndio huokolewa kwanza

Asubuhi jua halijapanda sana, na tayari wingu jeusi linatoka ziwani kuelekea nchi kavu. Tone la kwanza linadondoka juu ya omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria, zilizotandazwa kwenye nyavu ufuoni Sori. Wanawake wanne wanainuka kwa pamoja, wanazipita mbio nyavu zao wenyewe, na kuuinamia wavu mmoja ulio mwishoni mwa uwanja, ambao si wa yeyote kati yao.

"Shika pembe hiyo, Emmaculate! Usisimame hapo kama mtalii!" anafoka Truphena Adhiambo, huku akicheka.

Wanaukunja wavu, wanazimimina omena katika karai, wanalifunika karai kwa turubai. Ndipo kila mmoja anapokimbilia wavu wake.

Mwenye wavu huo hayupo. Beverlyne Mong'ina, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, yumo katika chumba cha mabati karibu na ufuo, akiwalisha uji watoto saba. Leo ni zamu yake ya ulezi. Mikono yake inawahudumia watoto wa wenzake, ilhali mikono ya wenzake inamlindia riziki.

Ni mpango mwepesi kuusimulia, lakini ulizaliwa katika dhiki.

Beverlyne ni mzaliwa wa Kisii aliyehamia Sori kwa ajili ya biashara. Mumewe, Cliff Oyaro, huchomelea vyuma katika karakana moja mjini Migori, na hurejea nyumbani Ijumaa kabla Sabato yao haijaingia. Mshahara wa Cliff hulipa kodi na unga. Mengine yote hutokana na omena: Beverlyne huzinunua mbichi mitumbwi inapotia nanga, huzianika, huzigeuza, kisha huwauzia wachuuzi. Siku ya jua zuri humpa faida ya shilingi mia tano hivi.

Mwaka jana, jirani aliyemlelea wanawe, Nyatichi, aliyekuwa na miaka miwili, na Masese, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa, alipandisha malipo kutoka shilingi mia mbili kwa siku hadi mia tatu na hamsini.

"Sikumlaumu," anasema Beverlyne. "Unga imepanda, na yeye ana wake wa kulisha. Lakini nikaona sasa naanika omena ya yule mama, si yangu."

Akajaribu kwenda nao ufuoni. Masese alitafuna mchanga. Nyatichi alitembea juu ya omena mbichi, kisha, mama yake alipokuwa akimpimia mteja, akaelekea majini. Mvuvi mmoja alimdaka maji yakiwa yamemfika kiunoni.

Jioni hiyo alimpigia mumewe simu.

"Tuliongea kidogo tu," anakumbuka Cliff. "Nilimwambia tuwapeleke kwa mama yangu huko Kisii. Nilipokata simu nilikaa chini pale karakana, nikashindwa kuendelea na kazi. Masese alikuwa bado ananyonya."

Beverlyne alifungasha nguo za watoto katika mfuko wa buluu, akauweka mlangoni. Truphena, ambaye wavu wake ulipakana na wa Beverlyne, alipita akauona.

"Mama Nyatichi, kwani mnahama?"

"Watoto wanaenda kwa nyanya yao."

"Na hayo maziwa utampatia nani? Mimi?"

Beverlyne hakucheka. Truphena akaketi kando yake. Yeye naye alikuwa na mtoto mdogo, na mgongo uliochoshwa na kuinama.

"Nilimwambia, nyaminwa, dada yangu, kesho niachie watoto nikae nao, nipumzishe huu mgongo," anasimulia Truphena. "Wewe unianikie omena yangu kama yako. Hakuna mtu analipa mtu."

Kabla ya juma kwisha, wanawake wengine watatu walikuwa wamejiunga, na watoto wao wote saba wakawa wanakusanywa katika kile chumba cha mabati. Zamu zilipangwa kwa kuheshimu ibada: Jumamosi haimgusi Beverlyne, na Jumapili haimgusi Emmaculate Nchagwa, Mkatoliki aliyetoka upande wa Kuria. Mfuko wa buluu ukafunguliwa.

Kisha ikaja mvua.

Ilikuwa zamu ya pili ya Beverlyne. Mvua ilishuka ghafla, na kila mwanamke akakimbilia pale ambapo miguu yake ilizoea kukimbilia. Walipomkumbuka mwenzao, omena zake zilikuwa zikielea. Omena zilizolowa namna hiyo hugeuka rangi na kuvunjika, na huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Beverlyne aliyaona yote kutoka dirishani, Masese akiwa kiunoni mwake.

"Wavu wangu naiona, na siwezi kutoka. Niwaachie nani hawa saba?" anasema. "Nikajiambia, kumbe ni hivi."

Hakugombana na mtu. Alikwenda nyumbani, akauchukua tena ule mfuko.

Usiku haujaingia, wenzake wanne wakabisha hodi, kila mmoja na beseni. Emmaculate ndiye aliyetangulia kusema.

"Nisidanganye. Nilipita wavu yake nikiiona," anakiri hadi leo. "Nikakimbilia yangu."

Kila mmoja akamimina mkebe mmoja wa kupimia, gorogoro, wa omena kavu katika karai la Beverlyne. Hazikutosha kufidia zilizoharibika. Kilichomtuliza, anasema, ni sharti aliloliweka Truphena kabla hawajaondoka: mvua ikidondoka, wavu wa mlezi kwanza, na asiyeweza hilo alee wanawe mwenyewe.

Tangu hapo sharti halijavunjwa. Ugomvi uliobaki ni wa aina nyingine.

"Kijana yako ameuma wangu tena!" Truphena analalamika, mvua ikiwa imewasukumia wote mlangoni pa chumba.

"Mwambie wako aache kunukia omena," anajibu Emmaculate.

Fedha zilizokuwa zikiishia kwa ulezi sasa humwezesha Beverlyne kununua karai la pili la omena. Cliff naye anasema simu ikilia mchana, moyo wake haushtuki tena.

Januari, Mungu akijalia, Nyatichi ataanza shule. Beverlyne hana nia ya kuiacha zamu. Wanawake hao wanaweka akiba kidogo kidogo ili chumba kisakafiwe kwa saruji, na mbele kiwe na baraza yenye kivuli. "Masese akienda shule pia, nitabaki," anasema. "Kuna msichana hapo chini amejifungua juzi. Yeye ataanika na nani?"

Mfuko wa buluu unaning'inia kwenye msumari nyuma yake, umejaa nguo za kubadilisha za watoto wote saba. Mvua inayapiga mabati kwa kishindo. Beverlyne anamfuta Masese uji mdomoni, anageukia bakuli linalofuata, na dirishani haendi.