Miale Haitoki Ndani ya Shimo

Mwanangu, kesho unaanza kufundisha, basi kaa kwanza nikueleze siku niliyomfukuza mwanafunzi kwa sababu aliniuliza kitu nisichokijua. Bado inaniuma.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa mwalimu wa fizikia hapa Kingi, msichana mwenye kiburi, diploma imenipanda kichwani. Tulifundisha chini ya turubai, maana madarasani walilala watu waliokimbia Kalembe. Kati yao alikuwa Riziki, aliyefika bila hata daftari. Kaka yake hakuonekana tangu siku kijiji kiliposhambuliwa. Mama yake alikuwa amempa mwaka huo mmoja tu afanye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, baada ya hapo ni jembe.

Siku hiyo nilieleza mashimo meusi ya angani, yanayovuta mpaka mwanga wenyewe unashindwa kutoka. Kisha, kwa kujionyesha, nikaongeza kwamba wataalamu wanasema mashimo hayo yanatoa miale, kidogo kidogo, hadi yanapungua. Riziki akanyoosha mkono.

"Madamu, kama mule ndani hakuna kitu kinatoka, ile miale inatokea wapi?"

Masikio yalinichoma. Nikamwambia anachelewesha wenzake, nikamtoa nje. Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Nikasikia analima kwa watu.

Papa Prefe, mkuu wetu, mzee aliyenifundisha mimi mwenyewe, akapata habari hiyo, akaniita. Aliniuliza swali lile lile la Riziki. Akachukua kijiti, akachora duara udongoni. Alinieleza polepole kwamba miale haitoki tumboni mwa shimo. Inazaliwa nje, na si kwenye ukingo tu, bali katika eneo pana linalolizunguka. Nafasi tunayoiita tupu haiko tupu kabisa, na mvuto wa shimo unaivuruga. Nguvu yenyewe inatoka kwa shimo, ndiyo maana linapungua. Tena akanikumbusha kwamba hiyo ni hesabu, bado hakuna aliyeipima miale hiyo angani.

Halafu akatupa kijiti. "Ulifukuza mutoto juu ya kuficha haya yako," akasema. "Enda umurudishe."

Nilienda, mwanangu, na viatu vyangu vya darasani, nikapanda kilima mpaka shambani. Mbele ya mama yake nilisema sikujua, nikaomba msamaha. Kisha nikachora duara lile lile kwenye udongo kati ya matuta ya viazi. Riziki akaweka kidole nje ya duara.

"Basi ni kama siye," akasema. "Batu banasema tulitoka ndani ya Kalembe. Hapana. Siye tulikuwa mu mashamba, kandokando. Kaka njo alikuwa ndani."

Nililia, sifichi. Mama yake akamnyang'anya jembe, akasema kesho atakuja shule.

Alifaulu. Leo yeye ndiye anayefundisha fizikia palepale. Swali asilojua jibu lake analiandika kwenye kona ya ubao, na halifutwi mpaka jibu lipatikane. Mimi nilikuwa na kona hiyo hiyo, sikuitumia.

Kwa hiyo usione aibu kusema "sijui" mbele ya watoto. Sema, kisha nenda ukatafute, urudi na jibu. Usimfukuze anayeuliza, maana hujui amebeba nini kutoka alikotoka. Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe darasa lenye mikono mingi juu, na kona ya ubao wako isikae tupu.