Gavana Aliyefika wa Mwisho

Shule ya kwetu milimani niliiacha nikiwa darasa la tatu, na sikuwa na sababu ya maana. Tulikuwa kwenye hesabu, treni ikapita chini ya kilima. Nikatoka nje kuitazama, nikaisindikiza kwa macho, kisha kwa miguu. Baada ya hapo nilikata mkonge huko tambarare upande wa Bendera, nikachunga ng'ombe wa watu, nikabeba mizigo stesheni, nikawapikia chai mafundi wa reli. Popote nilipokwenda niliuliza maswali. Kwa nini reli imepita hapa na haikupita kule? Nani aliamua? Watu walinijibu neno moja tu: "Serikali." Nikiuliza serikali ni nani, walinitazama kama mtu aliyeuliza upepo unalala wapi.

Kwa hiyo niliposikia pale Same kwamba kumefunguliwa darasa la kufundisha habari za serikali, nilikwenda asubuhi ileile.

Darasa lilikuwa ndani ya ghala la zamani la mkonge, karibu na boma. Wanafunzi walikuwa makarani na wazee wa mabaraza, wametumwa kutoka milimani waje wajue nchi inavyotawaliwa. Mwalimu alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, aliyevaa kanzu nyeupe katika mji ambao vumbi lake haliheshimu nguo ya rangi yoyote.

"Shikamoo, Mwalimu. Nataka kusoma."

"Marahaba. Cheti cha darasa la sita kiko wapi?"

"Sina. Lakini nina mikono."

"Mikono inafanya nini darasani?"

"Kuchota maji, kufagia, kupanga mabenchi. Na masikio nitakuja nayo."

Akacheka, akanionyesha benchi la nyuma.

Sijawahi kuwa na majuma matamu kama yale. Mwalimu alichora ngazi ubaoni. Juu kabisa mfalme wao wa Uingereza, chini yake Gavana kule Dar es Salaam, kisha Mkuu wa Jimbo kule Tanga, kisha Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya pale bomani, kisha wakubwa wa milimani, na mwisho majumbe wa vijiji, ambao ndio tuliokuwa tukiwaona kwa macho yetu. Alitueleza kila mmoja anaweza kuamua nini, na nini hawezi mpaka amuulize wa juu yake. Mimi nikawa kama mtu aliyefunguliwa ukuta wa nyumba akaona nguzo zilizoishikilia. Nilikumbuka kibao cha "Usipite" kilichowahi kunizungusha nusu siku nzima na ng'ombe wa watu, nikatambua kwamba kile kibao kilishuka ngazi yote ile kabla ya kufika kwenye njia yangu. Nilitaka kurudi kukitazama upya!

Wenzangu walikuwa raha tupu. Karani wa Vudee alikuwa mtu mnene, mvuta ugoro, aliyepiga chafya kila Gavana alipotajwa. Jirani yake wa benchi alikuwa kijana kutoka Ngujini, kule Ugweno. Mmoja lugha yake Chasu, mwingine Kigweno, na kwa kuwa hawakuelewana kwa lugha za nyumbani, walitaniana kwa Kiswahili.

"Ninyi Wagweno," alisema karani, "hata mkitukana, mtu anadhani mnaomba chumvi."

"Na ninyi mkiomba chumvi, mzee wangu, mtu anakimbilia rungu."

Halafu ikaja Jumatatu moja mbaya. Mwalimu aliniita baada ya somo, akakunjakunja kanzu yake kwa vidole. Alisema bomani wameagiza asiye na cheti asiendelee baada ya wiki hii.

"Jumamosi ndiyo siku yako ya mwisho, mwanangu. Mimi ni mtumishi tu."

"Na wiki ijayo mnasoma nini?"

"Namna sheria inavyotungwa. Na namna inavyofutwa."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonichoma. Cheti sikukitaka, ningekiweka wapi mtu nisiye na sanduku? Lakini nilikuwa nimeonyeshwa ngazi nzima, kutoka juu mpaka chini, na sasa natolewa nje kabla sijaambiwa kama kuna kitu kinachoweza kupanda kutoka chini kwenda juu. Niliwaeleza wenzangu tukiwa tunapanga mabenchi.

"Umekula ng'ombe mzima," karani wa Vudee alisema, "sasa wanakunyang'anya mkia!" Akavuta ugoro wake.

Jumamosi ile tulipangiwa kucheza Baraza la Kutunga Sheria. Wanafunzi watakuwa wajumbe, Mwalimu atakuwa Gavana, na mimi, kwa kuwa nilikuwa naondoka, nikapewa utarishi wa mlangoni. Mwalimu alitufundisha taratibu. Wajumbe wanaketi kwanza. Gavana anaingia wa mwisho, wote wanasimama. Wakishaamua jambo, yeye ana turufu: akikataa, limekufa.

Kosa lake lilikuwa hapo, kwenye kuingia wa mwisho. Mtu wa Tanga angejuaje? Sisi wa milimani, tuwe wa Vudee au wa Ngujini, tumelelewa na msaragambo. Baragumu likilia asubuhi, watu wote wanatoka kwenda kuzibua mfereji au kutengeneza njia. Anayefika wa mwisho analipa faini. Watu wanakwenda kwake wanamkamata kuku, na mpaka amalize faini yake, hana ruhusa ya kufungua kinywa mbele ya mkutano. Awe tajiri, awe mzee wa kanisa, ananyamaza.

Asubuhi hiyo wajumbe waliketi mapema. Kijana wa Ngujini, kwa mzaha tu, akakusanya viganja vyake mdomoni akalia kama baragumu. Watu wakacheka. Nikamtangaza Gavana. Mwalimu akaingia taratibu, kifua mbele, kichwani amevaa kofia aliyoichomeka manyoya ya jogoo, kama tulivyosikia Gavana mwenyewe huvaa.

Hakuna aliyesimama.

"Amefika wa mwisho!" sauti moja ilisema.

"Wa mwisho kabisa," wakaitikia.

Mpaka leo sijui kama lilikuwa shauri lao au mazoea tu yaliwashinda. Ninachojua ni kwamba kijana wa Ngujini alitoka mbio, akazunguka nyuma ya nyumba ya Mwalimu, akarudi na tetea mwekundu kwapani, tetea akipiga kelele kuliko wajumbe wote.

"Jamani! Huyo kuku wangu!"

"Nyamaza, Gavana," karani alisema kwa upole. "Una faini ya msaragambo. Hujalipa, husemi."

Mwalimu alifungua mdomo, akautazama mkutano, akaufumba mdomo wake. Manyoya yakatikisika.

Karani akasimama. "Ndugu wajumbe. Kwetu, aliyezibua mfereji hanyimwi maji. Ni hivyo au si hivyo?"

"Ndivyo!"

"Hii nyumba nani anaifagia? Mabenchi haya nani anayapanga? Haya maji tunayokunywa nani anayachota?"

Wote wakageuka kunitazama pale mlangoni. Mimi tarishi nikatazama miguu yangu.

"Huyu amezibua mfereji pamoja nasi. Natoa hoja akae mpaka somo la mwisho. Anayekubali anyooshe mkono."

Mikono ikapanda yote. Kijana wa Ngujini alinyoosha wa tetea, maana yake bawa. Mwalimu alikuwa akinyoosha kidole, akionyesha kwa ishara kwamba ana turufu, ana turufu!

"Turufu yako tunaijua, umetufundisha mwenyewe," karani alimwambia. "Lakini inasemwa kwa mdomo, na mdomo wako una faini. Hoja imepita."

Hapo Mwalimu akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu, kanzu na vumbi vikawa kitu kimoja. Alipopata pumzi, akaashiria kwamba faini ameikubali, kuku ni wetu. Karani akampa ruhusa ya kusema.

"Turufu yangu siitumii," alisema. "Lakini kuna Bwana Shauri. Boma halijafungwa. Ngojeni."

Akatoka kwa haraka bila kukumbuka kuivua kofia. Tulimwona akikata uwanja kuelekea bomani, manyoya juu, na askari wa mlangoni akimpigia saluti kabla hajatambua ni nani.

Sisi tukainjika makande. Tetea alibaki amefungwa mguu akimsubiri Mwalimu, Mwislamu, aje amchinje, kwa kuwa darasani mlikuwa na Wakristo na Waislamu, na tulitaka tule wote. Mimi nilikuna nazi, nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, jicho likiwa kwenye boma.

Alirudi kofia mkononi.

"Nimewaeleza habari ya mfereji," alisema. "Bwana Shauri amecheka, halafu akajidai hakucheka. Amesema hivi: asikilize mpaka mwisho, ila asihesabiwe, na cheti asipewe."

Darasa likapiga vigelegele. Karani akanishika bega akanitikisa kama mti wa mapera.

Gavana alichinja faini yake kwa mkono wake mwenyewe. Tukala nje, kwenye kivuli cha ghala, na milima yetu imekaa mbele yetu. Firigisi, ambayo kwa haki ilikuwa ya Mwalimu, kijana wa Ngujini aliisukuma upande wangu wa sinia, na Mwalimu akajifanya anatazama mawingu.

"Mwalimu," nilimuuliza, kinywa kimejaa, "kwani sheria inafutwaje?"

"Jumatatu," alisema. "Na usichelewe."