Maua ya Aina Moja

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye nacho alikuwa anajenga. Nyumba zilijengwa Mbezi Beach, mchanga ukachimbwa kwetu, upande wa Pugu. Mie nilikuwa na mtoto mgongoni, mwingine kaning'ang'ania kanga, na kibarua cha kumsaidia dada mmoja mtafiti wa maua ya porini.

Kulikuwa na kipande cha mchanga mkavu ambapo hata magugu yalishindwa. Hapo ndipo yalipoota maua madogo meupe. Ng'ambo ya bonde yaliota yanayofanana nayo, ila ya zambarau. Kwingine hatukuyaona. Dada alitaka kujua kama ni spishi mbili au moja. Meupe yakiwa spishi ya peke yake, malori ya mchanga yangezuiwa. Tukachuma majani, tukayakausha, akayapeleka yakapimwe vinasaba. Masika yakaisha tunasubiri.

Jibu likaja: spishi moja. Lakini meupe yalikuwa na vinasaba ambavyo ya zambarau hayana. Yakifa, vinakufa navyo.

Tukaenda ofisi ya kata. Ofisa akauliza, "Spishi ndiyo mdudu gani?"

"Ni… tuseme aina, mzee," dada akajibu.

"Kwa hiyo haya ni aina moja?"

"Ndiyo, lakini…"

"Lakini ya nini tena? Yakiisha huku, si yapo kule?"

Neno likatumaliza hapo hapo. Aina! Mchele una aina, kanga zina aina, kila kitu aina. Nikaingilia.

"Shikamoo tena, mzee. Wanangu hawa wawili nao ni aina moja. Nimtupe yupi?"

"Mtupe anayelia!" akadakia mtu kwenye benchi. Wakacheka wote. Ofisa akajifuta machozi, akaniambia nikanyonyeshe.

Malori yakaja. Nilikuwa nimeng'oa miche michache ya meupe nikaipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Ukapona mmoja. Ukatoa ua, ukanyauka bila mbegu. Ukatoa tena, ukanyauka tena. Dada akanieleza kwamba ua lile halijizalishi, linataka chavua ya mwenzake. Mwenzake yupi? Pale palishakuwa shimo.

Nilikuwa nimechoka, sina hata hamu ya kutukana. Nikabeba mtoto, nikabeba kopo, nikavuka bonde. Kwa unyoya wa kuku nikachukua chavua ya zambarau, nikaipaka kwenye jeupe.

Safari hiyo mbegu zikatoka. Nikazipanda, zikaota, zikatoa maua ya rangi ya nguo ya zambarau iliyofuliwa mno.

Basi ofisa alisema kweli, ni aina moja. Mche wa kwenye kopo ulikauka kiangazi kile. Haya yaliyopauka nayamwagilia mpaka leo, kila asubuhi, nimenuna. Jeupe sijaliona tena.