Fundi Léonard na Jenereta ya Chatsworth

Kuna wakati ambapo fundi yeyote wa Kikongomani kule Isipingo, Durban, ukimuuliza nani anaijua pampu ya mazutu, yaani dizeli, angekutajia jina moja tu: Léonard wa Uvira. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye kifua kipana na masikio ambayo watu waliyasifu kama mtu anavyosifiwa kwa sauti yake ya kuimba. Aliweza kuegemeza bisibisi kwenye injekta, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kidogo, kisha akasema silinda ya nne ndiyo mgonjwa. Na kweli ukifungua, ya nne.

Kazi alijifunzia kwenye malori ya miwa kule kwao. Durban aliingia mikono mitupu, miaka ya kwanza akalinda magari kwenye maegesho ya soko kubwa, akivaa kizibao cha njano na kusema "sharp, sharp", salamu ya mtaani, kwa watu wasiomtazama usoni. Siku moja lori la mtu liligoma kuwaka pale pale, naye akaliwasha kwa spana ya kuazima. Kuanzia hapo hakukivaa tena kile kizibao. Injini za zamani ndizo zilizomrudishia heshima yake, na kwa sababu hiyo alizipenda kupita kiasi, na chochote chenye waya na taa ndogo ndogo alikichukia.

Mwaka mmoja aliitwa kazini mtaa wa Chatsworth, kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee. Ilikuwa ya ghorofa tatu, na nyuma ya jiko, ndani ya kibanda cha mabati, iko jenereta ya silinda sita yenye umri wa kumzidi muuguzi mkuu wa pale, Sista Coletha, mwanamke wa Bukoba aliyekuwa hacheki ovyo. Jenereta ilikuwa nzima ila gavana yake, kifaa cha kudhibiti mwendo wa injini, ilikuwa imechoka. Injini ilipanda na kushuka kama mtu anayepanda mlima akipumzika kila hatua. Taa zikapepesa, mashine za kuwasaidia wazee kupumua zikapiga kelele, lifti ikakwama na kuendelea.

Dawa aliileta mhandisi wa Kikenya, Zilpah, mwalimu wa chuo cha ufundi mjini. Hakuwa amefikisha hata miaka thelathini na tano. Alitaka kuifungia jenereta ile mtambo wa umeme wa kutawala mafuta, na alihitaji mtu wa dizeli wa kufanya naye kazi.

"Pampu yako hatuigusi, Papa Léonard," alimwambia siku ya kwanza, akimwita kwa heshima kama Wakongomani wanavyoitana. "Tunabadilisha tu mkono unaoisukuma. Mpaka sasa ni vyuma na springi vinavyovuta ile fimbo ya mafuta. Sasa mota ndogo ndiyo itaivuta. Hapa kwenye flaiwili, hili gurudumu la meno, tunaweka sensa, inahesabu meno yakipita. Kisanduku kinasoma hesabu, kinaiambia mota ongeza, punguza. Sensa isipoona meno, kisanduku kinakata mafuta na injini inazima. Ni usalama."

Léonard alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Aliyoyaelewa aliyaelewa vizuri, maana injini ni injini. Lakini moyoni alisikia kitu kingine: huyu binti amekuja kuyaondolea masikio yangu kazi.

Waligawana. Zilpah alishika waya na kisanduku. Léonard alipewa kutoboa nyumba ya flaiwili, kukata nyuzi za skrubu ndani ya tundu, na kuifunga sensa. Zilpah akampa karatasi yenye maelezo, ya Kiingereza tupu, maneno mafupi mafupi na picha ndogo. Léonard alikuwa na Kiingereza cha kuongea na wateja. Cha kusoma hakuwa nacho, wala hakuna mtu aliyejua isipokuwa mkewe Henriette. Aliitazama karatasi kwa muda unaotosha mtu kusoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

Sensa akaizungusha mpaka ikagusa jino. Halafu akaogopa meno yasije yakaisaga sensa injini ikiwaka, akairudisha nyuma, raundi moja, karibu mbili. Nati ya kuifungia akaikaza kwa vidole tu, akijiambia atarudi na spana baada ya chakula. Baada ya chakula akashughulika na bomba lililokuwa likivuja, akasahau.

"Papa, nafasi kati ya sensa na meno umeipima?" Zilpah alimuuliza kutoka upande wa pili wa injini.

Angeweza kusema ngoja niangalie. Ingekuwa dakika mbili. Lakini kuulizwa na mtu wa umri wa bintiye, mbele ya wahudumu wawili waliosimama mlangoni, kulimchoma.

"Oui, oui. Nilipima. Iko sawa."

Zilpah akamwamini. Jenereta ilisitasita kuwaka, kisha ikawaka, na ilipowaka ilituliaje! Mlio ulinyooka kama uzi. Sista Coletha akazima na kuwasha majiko, lifti ikapandishwa na kushushwa, na injini haikutetereka hata kidogo. Léonard mwenyewe alisikiliza na bisibisi yake, kisha akairudisha sandukuni.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, umeme ulikatika mtaa mzima. Jenereta ikawaka, ikafanya kazi robo saa hivi, ikazima ghafla. Ndani ya lifti alikuwemo bibi mmoja aitwaye Estella, mshonaji wa zamani wa miaka sabini na tisa, akishuka peke yake kwa kiti cha magurudumu. Lifti ikasimama katikati ya ghorofa, giza likamfunika.

Zilpah alikuwa akisimamia mtihani, simu yake imezimwa. Léonard ndiye aliyepatikana. Alifika kwa taxi, zile basi ndogo za abiria, kutoka Isipingo, akakuta wazee wamejaa kwenye korido na sauti ya bibi Estella ikitoka ndani ya ukuta, ikiita jina la mtu aliyekwisha kufa zamani.

"Nilisema mimi!" Léonard alipaza sauti, hata kabla hajaiona injini. "Umeme na mazutu haviendani! Mnachukua mashine nzima, mnaipa mtoto wa darasani aichezee. Eish!"

Hakuwa amesema neno kama hilo siku zile za kuufunga mtambo. Alilisema sasa, na watu wote wakalisikia.

Kisha akaingia kibandani. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye sensa, maana mkono ulikuwa unajua kabla yake. Sensa ilicheza tunduni kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nati ilikuwa imefunguka yenyewe kwa mtikisiko, nyuzi kwa nyuzi, siku baada ya siku.

Akabaki amechuchumaa pale. Masikio yake yale yaliyosifiwa yalijaa sauti ya bibi akiita.

Akaitoa ile karatasi mfukoni mwa ovaroli, imelowa mafuta, akatafuta namba, maana namba anazisoma. Robo tatu. Pembeni yake palichorwa mshale wa kuzunguka. Ni hicho tu, wala hakikuhitaji Kiingereza. Akaizungusha sensa mpaka ikagusa, akairudisha robo tatu ya raundi, akaikaza nati kwa spana mpaka mkono ukauma. Jenereta ikawaka mara moja, bila kusita, tofauti kabisa na siku ya kwanza.

Lifti ikashuka. Bibi Estella alitolewa nje akitetemeka, sketi yake imelowa, na wahudumu wakamfunika shuka harakaharaka. Alikuwa amekaa mle dakika arobaini na tano. Alipoambiwa ni nani aliyeiwasha mashine, aliomba asogezwe, akaishika mikono ya Léonard yote miwili na grisi yake, akaibusu.

"Fundi, ulikuta nini?" Sista Coletha aliuliza.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema kweli. Watu wote walikuwa wanangoja.

"Nilitengeneza mambo ya yule dada," akasema Léonard.

Jioni ile Zilpah alimpigia. "Papa Léonard, wameniambia. Pole sana kwa usumbufu. Ulikuta shida wapi?"

"Waya moja ililegea."

"Waya gani?"

"Ya kwako. Kwenye kisanduku."

"Nilizivuta zote moja moja," Zilpah alisema polepole. "Basi kuna moja ilinipita. Asante kwa kuniokoa, Papa. Na yule bibi, nitaenda kumwomba msamaha."

Na kweli alikwenda, na maua. Sista Coletha ndiye aliyemsimulia Léonard: binti alipiga magoti mbele ya kiti cha bibi, bibi akageuza uso.

Tangu hapo Léonard hakula vizuri. Jumapili kanisani alisimamishwa mbele, akapigiwa makofi kama fundi aliyeokoa wazee walipoangushwa na wasomi. Kwenye saluni ya Laurette, karibu na stendi ya taxi, habari ilitiwa chumvi mpaka lifti ikawa imeanza kuanguka. Kila sifa ilimkaa kichwani kama kilemba cha ukoka, ila aliyejivika ni yeye mwenyewe. Akikuta watu wanaizungumza, alivuka barabara. Usiku Henriette, akimwita kwa jina la binti yao, alimuuliza, "Papa Elysée, unaumwa?" akajibu ni mgongo.

Mwezi haujaisha, kamati ya ile nyumba ikaamua: mtambo wa umeme ung'olewe, gavana ya zamani irudishwe, na kazi apewe fundi Léonard. Zilpah alikuwa ameshakubaliana na shule moja kuwafungia mtambo kama ule. Shule ilisikia habari, ikajitoa.

Léonard alikwenda na sanduku lake la spana. Akafungua boliti ya kwanza ya mota, ya pili. Sista Coletha alikuwa amesimama mlangoni, na pembeni yake bibi Estella kwenye kiti chake, amependa kuja kutazama. Alikuwa amemfumia kofia ya sufu ya rangi ya kahawia. Alimnyoshea. Léonard aliitazama ile kofia, na spana ikamtoka mkononi.

"Sista," alisema kwa Kiswahili, "mashine haikukosa. Mimi nilikosa."

"Umekosa nini?"

"Sensa niliifunga mimi. Sikuikaza. Sikuipima. Niliulizwa, nikasema nimepima. Waya ya yule dada haikulegea hata moja."

Sista Coletha hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwa hiyo wiki zote hizi tumemsema mtoto wa watu. Na wewe ukatuitikia." Akamwelekeza kwa kidevu bibi Estella. "Mwambie na yeye. Mimi sitakusemea."

Akamwambia, kwa Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika, akitafuta neno na kulikosa, akionyesha kwa vidole nati ilivyokuwa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaivuta kofia ile polepole, akaiweka mapajani, akamwomba mhudumu amrudishe chumbani.

Kamati ilitaka barua. Léonard hawezi kuandika barua ya Kiingereza, kwa hiyo ilimbidi amkalishe bintiye Elysée mezani na kumsimulia yote, sentensi kwa sentensi, huku Elysée akiandika bila kuinua macho. Alipofika pale pa karatasi aliyojifanya kuisoma, kalamu ilisimama.

"Niandike na hilo, Papa?"

"Andika."

Henriette alikuwa jikoni, maji yanamwagika bombani, na aliyaacha yamwagike.

Kabla barua haijafika, Léonard mwenyewe alimpigia Zilpah. Alieleza mara moja, bila kujitetea. Alisubiri matusi, akayatamani.

"Nilidhani nimeanza kusahau kazi yangu," Zilpah alisema mwishowe. "Unajua nilirudia kukagua kila kitu nilichowahi kufunga? Kila kitu. Kwa wateja wote." Akavuta pumzi. "Siwezi kukuambia ni sawa. Si sawa. Lakini umesema, na barua hiyo nitaipeleka kwa ile shule."

"Ipeleke, dada. Jina langu liache lionekane."

Mtambo haukung'olewa. Zilpah alikuja Alhamisi moja kurudishia zile boliti mbili, na Léonard akamshikia tochi. Alizungumza naye vizuri, kwa adabu, lakini hakumwita tena Papa. Alimwita Bwana Léonard, mwanzo mpaka mwisho. Shule ilirudi, ila kazi ile Zilpah aliifanya na fundi mwingine. Bibi Estella alianza kumwitikia Léonard salamu baada ya miezi kadhaa, kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye mkono wa kiti.

Kanisani Léonard aliomba asimame tena mbele, akasema. Watu walisikiliza, wengine wakainamisha vichwa kwa kumwonea haya. Lakini ile habari ya kwanza ilikuwa tamu zaidi, imekwisha kutembea mbali, na bado inatembea. Juzi tu kijana asiyemjua, dereva wa malori ya bandarini, alimkuta akisubiri taxi akamshika bega: si wewe ndiye mzee uliyewaaibisha wasomi kule Chatsworth?

Taxi yake ilikuwa imefika, mlango wazi, kondakta anaita. Léonard akaiacha iondoke. Akamvuta yule dereva pembeni, kwenye kivuli cha kioski cha simu, akaanza kumweleza jinsi ilivyokuwa.