Mjomba Aliyenyimwa Ng'ombe

Mimi filamu nilianza kuzisikia kabla ya kuziona. Saluni niliyofundishwa kusuka, pale mtaa wa Kibomet mjini Kitale, ilitenganishwa na ukumbi wa video kwa ukuta wa mabati peke yake, na spika ya upande ule ilikuwa kubwa kuliko televisheni yenyewe. Kiti cha mteja kikianza kutetemeka, nilijua kule vita vimeiva. Kuna mama mmoja aliwahi kuniuliza, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa, kama hayo mabati hayatamwangukia. Nikamwambia, "Tulia mama, wako karibu kumaliza. Amebaki jambazi mmoja."

Jumapili saluni ilikuwa inafungwa, kwa hivyo nikitoka kanisani nilianza kuingia. Mlangoni palikuwa na pazia la gunia, ndani mabenchi ya mbao na joto la watu. Shule niliiacha kidato cha pili, na Kiingereza changu ni cha kusalimia na kuuliza bei, lakini mle hakikuhitajika, kwa sababu tulikuwa na dijei. Dijei ni mtu anayechukua filamu ya ng'ambo, anapunguza sauti za wenyewe, halafu anaisimulia kwa Kiswahili chetu tangu mwanzo hadi mwisho. Hatafsiri neno kwa neno. Anawapa watu wa kule shida za huku. Jamaa akiruka kutoka ghorofani huko Uchina, dijei anasema anawakimbia watu wa ushuru wa soko la kwetu kule Kwanza, na sisi tunaangua kicheko kwa maana tunawajua.

Na hakuna aliyenyamaza. Adui akimnyemelea mtu, ukumbi mzima ulimwambia ageuke. Akigeuka, tulipongezana kana kwamba sisi ndio tumemwokoa. Mimi niliamini kabisa kwamba filamu inasaidiwa. Mtu aliyekaa kimya nilimwona mchoyo.

Huko ndiko nilikompata mchumba wangu, kijana wa Bungoma aliyekuja Kitale kutengeneza pikipiki. Alikaa benchi la nyuma yangu akila njugu, na maganda yalikuwa yanatua kwenye nywele zangu.

"Siste," akaniambia, "hicho kichwa kimekuwa skrini ya pili. Inama kidogo."

"Inama wewe. Si uko na shingo?"

Mambo yakaanzia hapo. Lakini kwao alisema tulipatana kwenye mkutano wa kwaya. Aliniambia mama yake akisikia ukumbi wa video anaona moshi wa bangi na wasichana waliopotea. Nilicheka. Kwaya niliimba kweli, kwa hivyo sikuona kama huo ni uongo mkubwa.

Ikafika siku ya mimi kupelekwa Bungoma kuonwa. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wakutane mwezi uliofuata kuzungumza mahari, na kabla ya hapo baba yake alitaka kujua ni msichana wa aina gani anayeletwa bomani kwake. Mchumba wangu hakunificha. Kaka yake mkubwa aliwahi kuleta msichana, mzee akamkataa, kwa sababu watu wa msichana walianza kutaja mifugo kabla hawajaulizwa. "Baba anaweza kuvumilia kila kitu," aliniambia, "lakini si watu wa tamaa." Mama yangu naye, akinifunga kitambaa kichwani asubuhi hiyo, alisema maneno machache tu. "Sauti yako iache hapa Kitale."

Niliiacha. Nilifika kwa wakwe na kisauti kidogo hata mimi sikukijua. Nikasema mulembe, salamu ya kwao, nikiwa nimepiga magoti, nikanywa chai bila kuivuta kwa sauti. Baba mkwe alikuwa amestaafu kazi ya ofisi za serikali, na alikuwa na kiti chake ambacho hata paka wa nyumba ile hakukipanda. Kwa mila, mke wa mtoto hakai karibu na baba mkwe, hamshiki mkono, na mzee mwenyewe hamsemeshi moja kwa moja. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, leso magotini, macho chini.

Baada ya chakula cha mchana mzee akasema, "Wawekee filamu." Kumbe kila Jumamosi hiyo ndiyo desturi ya nyumba hiyo. Waliketi kama watu walio mbele ya hakimu. Sauti ya televisheni iliwekwa chini kiasi kwamba nilisikia saa ya ukutani. Maneno ya Kiingereza yalipita chini ya picha, mzee akayasoma kwa miwani. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akiinua macho na kuyashusha.

Nilipoitambua filamu yenyewe, moyo uliruka. Niliijua. Nilikuwa nimeiona Kibomet mpaka nikaizoea kama wimbo. Kuna kijana wa Kichina ana kovu shingoni, nyumba yao ilichomwa, naye anamtafuta aliyeichoma. Halafu kuna mzee mwenye suti ya kijivu, anachechemea, anatazama watu kwa huzuni. Dijei wetu alitueleza kwamba huyo ni mjomba, kaka ya mama yake kijana. Dada ya kijana alipoolewa, watu walikula mahari yote bila kumpa mjomba ng'ombe wake, na ng'ombe wa mjomba hata mtoto wa kwetu anajua hanyimwi mtu. Basi mjomba akaamka na kiberiti. Mimi huyo mjomba nilimlilia. Nilikuwa naona alikosa, lakini alikosewa kwanza.

Nilijikaza. Sehemu ya soko ilipita nikiwa nimeuma leso. Sehemu ya mvua ilipita. Halafu mzee wa suti akatokea mlangoni nyuma ya kijana, taratibu, na kijana hajui. Na katika nyumba nzima hakuna hata mtu mmoja anayemwambia.

Sikujua nimesimama. Kitambaa kilianguka. Nilisikia sauti yangu ile ya Kitale ikitoka yote, pamoja na madoido ya dijei.

"Geuka, wewe! Huyo ni mjomba! Walimnyima ng'ombe wake msichana akiolewa! Ati mlidhani atanyamaza? Mpeni mjomba ng'ombe wake, boma ipate kulala!"

Mchumba wangu, huko kwenye kochi, akacheka kwa nguvu. Kisha akakatisha kicheko kama mfereji uliofungwa.

Baba mkwe alichukua rimoti akasimamisha picha. Mzee wa suti akabaki hapo kwenye skrini, mdomo wazi. Baba mkwe hakunitazama. Alimtazama mkewe.

"Mama watoto," akasema polepole, "hawa watu wa Kitale, si tulisema ni mwezi ujao?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mimi nilikuwa nazungumza na kijana mwenye kovu, lakini baba mkwe alisikia msichana aliyetumwa na watu wake, amesimama sebuleni kwake, akidai ng'ombe kwa niaba ya mjomba. Masikio yangu yaliwaka. Nilitaka sakafu ile ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu inimeze na kigoda changu.

Mama mkwe akaniita jikoni kwa kidole. Mchumba wangu akatufuata, akasimama mlangoni.

"Mwanangu," mama akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, jambo ambalo liliniumiza zaidi, "kama mjomba wako ndiye amekutuma, sema tu. Si dhambi. Lakini ungeniambia mimi. Si kumrukia mzee kupitia kwa televisheni."

"Hakuna mtu amenituma, mama."

"Na ng'ombe umemtoa wapi? Mimi nimeangalia hiyo filamu mara mbili. Hakuna ng'ombe."

Nilimtazama mchumba wangu. Alikuwa anasoma kalenda ya mwaka uliopita. Niliona njia zilikuwa mbili. Ningenyamaza, watu wangu wabaki na jina la tamaa, na pengine mambo yote yaishie hapo. Au ningesema ukweli, mama huyu ajue nilikotoka. Mama yangu na mjomba wangu walikuwa huko nyumbani hawana habari, hawajamwomba mtu hata kamba. Sikuweza kuwaacha wachafuke.

"Ni dijei, mama."

"Dijei ni nani kwenu? Ni ndugu ya baba?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirukaruka. Nilimwambia kuhusu ukumbi, spika, mtu anayesimulia, na kwamba ng'ombe niliambiwa na yeye, nikaamini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mtoto. Nilikuwa msichana mzima, na nilikuwa nimeamini kwamba Wachina walitozana ng'ombe wa mjomba.

"Na huko ndani mnakaa na wanaume, gizani?"

"Ndio, mama. Lakini mimi nilikuwa nakaa mbele."

Hadi leo nikikumbuka jibu hilo naziba uso.

Mama aligeukia mlango aliposimama mwanawe. "Na wewe ulikuwa unacheka nini? Hapo hakuna mtu ameanguka."

Mchumba wangu akakuna shingo. "Mum, hapo dijei huwa anaweka sauti ya ng'ombe."

"Aa," mama akasema. Akaendelea kumtazama. "Kwaya."

"Kwaya pia tuliimba, Mum. Yeye aliimba."

"Toka hapa."

Aliondoka. Mama akafunika sufuria ambayo haikuwa na kitu, akaenda sebuleni. Nilisikia wakinong'onezana kwa Kibukusu, lugha ya kwao, muda mrefu, kisha mzee akasema kwa Kiswahili, ili nami nielewe, "Waje wamalize. Lakini wanyamaze."

Tulimaliza. Sijawahi kukaa kwenye filamu ndefu hivyo. Mchumba wangu alininong'oneza kwa Kiswahili yale maneno ya chini ya picha, na hapo nikajua mzee wa suti si mjomba wa mtu. Ni mwenye kiwanda, alichoma nyumba kwa sababu alitaka kiwanja. Alipopigwa risasi, akaanguka kwenye ngazi, baba mkwe alipangusa miwani, mama akapepeta mchele. Mimi nilikuwa bado namlilia mjomba, na nilijua mjomba hayupo.

"Haya," mzee akasema, akazima.

Walinisindikiza vizuri, wakanipa kuku. Mchumba wangu aliniambia mama yake amekubali maelezo. Kuhusu baba yake alisema tu, "Baba ni mtu wa kufikiria." Mwezi mzima nilisuka watu bila kusikia kilichokuwa kinaendelea ng'ambo ya mabati. Nilingoja simu ya kusema mkutano umevunjika.

Haikuja. Walikuja wenyewe, hadi kwetu upande wa Kwanza, wamevaa makoti. Wazee wangu walikuwa wamejipanga kuanza na maombi, kisha maneno ya polepole kama kawaida, lakini baba mkwe alisimama kabla hata chai haijamiminwa.

"Kabla hatujasema lingine," akasema, "ng'ombe wa mjomba tumekuja naye. Yuko nje, amefungwa kwa mti. Hatutaki kuchomewa nyumba."

Hakutabasamu. Watu wetu walicheka, wakidhani ni utani wa wazee, wakapiga makofi. Mjomba wangu ni mtu mpole, analima kashamba kake na huwa anakaa nyuma kwenye mikutano. Alitoka nje kumwangalia ng'ombe akarudi na machozi. Alisema hajawahi kuona wakwe wenye heshima namna hiyo, watu wa kukumbuka mjomba bila kukumbushwa. Mama mkwe alinitazama kutoka upande ule wa chumba. Niliangalia vikombe.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, mjomba aliniuliza ni nani aliyewaelekeza vizuri hivyo. Nikasema ni Mungu, nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo ilikuwa tayari mezani.