Mpini wa Jambia la Harusi

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu kidogo. Leo fundi jirani alikuwa anapiga msasa pembe ya ng'ombe, na harufu ile kama ya kucha iliyoungua ikanirudisha uani kwetu Bagamoyo.

Kaka yangu alikuwa anaoa. Mpini wa jambia la babu, uliotengenezwa kwa pembe ya faru, ulikuwa umepasuka, na baba alitaka pembe nyingine kama ile. Aliona haya kijana wake asimame mbele ya wakwe na jambia lenye mpini wa mti.

Mjomba wangu, askari wa wanyamapori, alikuwa amekuja likizo. Akacheka.

"Shemeji, unadhani faru wanauzwa dukani?"

"Wewe nitafutie tu. Huko porini nani atajua?"

Mjomba aliniita, akanishika sikio kwa vidole vyake vikavu.

"Kila faru wetu tumemkata alama masikioni," alimwambia baba, akiniminya taratibu ukingoni. "Kuna ndama ana moja hapa. Mama yake ana mbili, huku juu. Tunawajua mmoja mmoja, kama unavyowajua wanao, na asipoonekana mmoja hatulali. Sasa niambie, shemeji, nikukatie yupi?"

Baba alilitazama sikio langu kwa muda mrefu. Kesho yake alimpelekea fundi kipande cha mpingo.

Ukienda kununua jambia la bwana harusi, uliza mpini wake ni wa nini. Wakikwambia ni pembe ya faru, liache, uchague la mpingo.