Sikumwitikia Mama

Atakayebisha na abishe. Mimi nilikuwepo, tena nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa Novemba, mwaka wa pili tangu nimfuate mume wangu Brussels. Mama alikuwa amelazwa Muheza, hali mbaya, nami nimekwama: kibali changu cha kuishi kilikuwa hakijafanywa upya, nikitoka sirudi. Nilikuwa nikilia hadi jirani anagonga ukuta. Alasiri ile nikashuka bustani ya Ixelles, mtaa tunaokaa, kwenye magofu ya nyumba ya kale ya watawa, nikalie huko bila kumkera mtu.

Giza linaanza kuingia, nikasikia naitwa. Kwa jina langu la utotoni, ambalo Ubelgiji nzima hakuna anayelijua, hata mume wangu.

Nikageuka. Niaminini, alikuwa mama. Kasimama kwenye ngazi za bustani, peku katika baridi ile, kajifunga khanga, kanipa mgongo.

"Njoo unishike mkono," akasema.

Wewe ungefanyaje? Sisi Tanga tumelelewa hivi: ukiitwa magharibi na usiyemwona uso, usiitike, maana si mtu. Mama mwenyewe ndiye aliyenifunza, tena kwa kofi. Nikajua huyu ni jini, anataka kuniteka kwa umbo la mgonjwa wangu. Nikaziba mdomo kwa ushungi, nikasoma Ayatul Kursi moyoni. Akaniita mara ya pili. Ya tatu sauti ilikuwa imechoka, ikanikata maini. Sikuitika. Akapanda taratibu, akapotelea nyuma ya ukuta uliobomoka. Nilipozunguka, hapakuwa na mtu.

Sijafika nyumbani, simu ikalia. Dada yangu, anazungumza kwa kwikwi.

"Mama katutoka. Alikuwa anakuita wewe tu, mara tatu. Mwisho akaniuliza, 'Mbona haniitikii? Nimemkosea nini?'"

Nikaketi palepale kando ya njia, watu wananiruka.

Ni miaka minane sasa. Dada hajui kwamba nilisikia, nitamwambiaje? Kwenye tramu, sokoni, mtu akimwita mwanawe kwa Kifaransa, mimi "abee" imeshanitoka. Bustanini nakwenda kila jioni, iwe mvua isiwe mvua, nangoja kando ya ukuta ule. Haniiti.

Wewe mwenye mgonjwa mbali, nakuonya: ukisikia unaitwa, usijifanye mjanja. Itika. Likiwa jini, utasomewa, utapona. Hili langu hakuna wa kulisomea.